Viatu vya Bwana Shamba

Ule ndio mwaka tuliokula mbegu. Muulize mtu yeyote wa rika langu hapa Kalama, hatakutajia tarakimu, atakuambia hivyo hivyo: tulikula mbegu. Mvua ilikuja siku mbili, ikatema mate, ikaenda zake. Mahindi ya kula yakaisha, mbaazi zikaisha, kisha mchana mmoja nikashusha mfuko wa mbegu uliokuwa ukining'inia juu ya moto, nikaosha majivu, nikatwanga muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa. Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alinitazama nikitwanga kana kwamba kwenye kinu nimeweka mtoto wa mtu. Wajukuu walikula kwanza. Yeye alikula mwisho, kama siku zote, akikwangua sufuria.

Huyo mzee alikuwa mchimbaji wa mitaro. Ukisimama barabara ya juu uone mlima wetu umekatwa ngazi ngazi ili udongo usishuke mtoni, ujue nyingi ya hizo ngazi ni jasho lake. Alichimba yetu, akachimba ya majirani, miguuni amevaa akala, zile za mpira wa gurudumu. Tulipokuwa vijana alikuja bwana shamba kutukagua. Alikuwa na viatu vya ngozi ya kahawia, soli nene, na huku mbele vimetobolewa tundu tundu kama kibuyu kilichotiwa nakshi. Akaingia ndani ya tope, akatoka na soksi kavu. Kuhusu mitaro mzee wangu hakusikia neno hata moja. Alirudi nyumbani akiimba viatu, na aliviimba mpaka mvi zikamtoka.

Sasa mwaka huo wa mbegu miguu yake ikavimba. Dispensari walisema moyo umechoka, na ale vizuri. Ale nini, hawakusema. Asubuhi moja alijaribu kuvaa akala, ukanda ukagoma. Akaiweka chini polepole.

"Hata akala imenikataa," akasema.

Mimi si mtu wa kulia. Nilitoka nje nikakata kijiti. Huku kwetu, ukimnunulia kiatu mtu asiyeweza kufika sokoni, unakata kijiti urefu wa unyayo wake, unaenda nacho. Nikamwekea kijiti chini ya mguu.

"Unanipimia sanduku?" akaniuliza.

"Nakupimia kiatu. Nyamaza."

Mke wa mwanangu alikuwa mlangoni. "Mama, si umnunulie slipas tu? Kwani ataenda wapi?"

"Kwa mtaro wake," nikamwambia. Nikashika jogoo wetu wa mwisho, nikaenda sokoni Tala.

Jogoo aliuzika haraka, watu walikuwa na njaa. Kwenye mitumba kijana mmoja alikuwa amemwaga viatu juu ya turubai, lundo kama mahindi ya miaka mizuri.

"Susu, nyanya yangu, kuja hapa! Niko na laini, laini kama chapati!"

"Chapati nitakula. Nataka kiatu."

Akacheka, akaniacha nichimbe. Nilichimba kweli. Vilivyogandishwa kwa gamu nilitupa. Chenye soli ya kukunjika kama karatasi nilitupa. Chini kabisa nikavipata: ngozi ya kahawia, pua ngumu, soli imeshonwa kwa uzi mnene pande zote, na vile vitundu mbele. Nikapiga kisigino kwenye jiwe, kikajibu. Nikanusa ndani, ni ngozi. Aliyevivaa kwanza, huko kwao alikokuwa, alikuwa akikanyaga upande wa nje, sawasawa na mzee wangu.

"Hizo ni nzito, susu. Watu hawataki."

Mama mmoja kando yangu akadakia, "Aiya! Na zimetoboka! Umeuziwa chujio."

"Wewe chujia chai yako," nikamwambia. Nikaingiza kijiti. Kilitoka kwenye pua hadi kisigino bila kubaki nafasi. Nikajiona mjanja.

Mzee alivivaa siku iliyofuata. Nilimfunga kamba mimi mwenyewe, maana hakuweza kuinama. Akaenda akishika ukuta, halafu bega langu, mpaka mtaro wa kwanza. Haukuwa na maji, ni vumbi tu na mabua yaliyokufa wima. Akapiga ukingo teke moja dogo aone kama bado umeshika. Ulikuwa umeshika.

"Bwana shamba amefika," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Hakumaliza wiki.

Tulipoenda mochari kumvisha, uvimbe ulikuwa umeisha wote. Miguu ilikuwa mikavu, midogo kama ya mvulana. Kijiti changu kilikuwa kimepima ugonjwa, si mzee. Viatu vilicheza. Nikarudi nyumbani nikachukua ule mfuko wa mbegu, ambao haukuwa na kazi tena, nikaupasua vipande viwili, nikajaza huko mbele, nikakaza kamba.

Ndugu yake mdogo aliviona hapo. Yeye alikuwa akienda kupanga foleni ya chakula cha msaada kwa chifu na viatu vya plastiki vilivyopasuka ubavuni, amevishona kwa waya.

"Shemeji," akasema, "mtu wetu anazikwa na soksi. Kiatu ni ya mtu ako na mahali anaenda."

Mwanangu akatazama chini. "Mama, baba mdogo anasema ukweli. Ngozi kama hiyo kuoza kwa udongo, na mwaka ni huu?"

Nilifikiria yote yaliyotoka kwa mzee wangu akiwa hai. Koti alimpa huyo huyo ndugu. Nguvu aliwapa majirani. Mbegu aliwapa wajukuu, akabaki na sufuria.

"Hizo viatu ni zake na hazitoki," nikasema.

Nilidhani yamekwisha. Lakini siku ya mazishi, sanduku likafunguliwa kando ya kaburi watu wamwone mara ya mwisho, na katekista akiwa amekwisha kufungua kitabu, shemeji akainama akabonyeza pua ya kiatu kwa kidole gumba. Ikabonyea.

"Hata hazimtoshi!" akasema, na sasa alikuwa akisema na watu wote. "Amejaza matambara. Shemeji, yeye amelala. Mimi niko hai, na niko na miguu."

Watu wakanung'unika, na wengi walinung'unika upande wake. Nikatazama miguu yake. Kidole kilikuwa kimetoka nje ya plastiki, kimepasuka, kina vumbi jekundu mpaka kwenye nyama. Hakuwa akisema uongo. Katekista alinitazama. Mwanangu alinitazama, mkono uko tayari kwenye kamba ya kiatu.

"Hizo viatu ni zake na hazitoki," nikasema, nikashusha kifuniko mimi mwenyewe.