Mikaratusi Arobaini Kwenye Chemchemi

Nasema mapema, mtu asije akaniuliza baadaye: miche ya mikaratusi niliileta mimi. Nilikuwa katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji chetu, huku milimani juu ya Kalinzi, na nilijiona msomi kwelikweli. Niliteremsha miche arobaini kwenye pikipiki, tukaipanda kuzunguka chemchemi, tukapiga picha.

Shangazi yangu Leonida alikataa siku ileile. Yeye ndiye mtunza chemchemi, kazi aliyoachiwa na mama yake: kufagia majani mdomoni pa maji, kufukuza ng'ombe, kuwagombeza wanaofua nguo pale juu. Aliishia darasa la nne. Akaniambia, "Winfrida, mti huo una kiu. Hapa panataka mkuyu."

Nikacheka. "Shangazi, mti ni mti. Mkuyu utakuja kukua tumeshazikwa."

Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi.

Tena mikuyu ilikuwepo! Miwili, mikubwa, tuliikata kupata nafasi. Ile ndiyo iliyotia kivuli. Majani yake yalioza, udongo ukawa laini, mvua ikinyesha maji yakazama taratibu badala ya kuporomoka na tope mpaka ziwani. Yakikaa huko chini, ndiyo hayohayo tuliyokunywa kiangazi. Mkaratusi unakua haraka kwa sababu unakunywa haraka. Na mimi nilichopenda ni hiyo haraka, basi.

Mwaka wa saba, mwezi wa saba, kahawa imeiva, bomba la chemchemi likaanza kutoa matone. Shangazi alikuwa ameshamenya kahawa yake, ameiloweka kwenye pipa, anasubiri maji ya kuioshea. Siku ya kwanza hakuna, ya pili hakuna. Ikachacha kupita kiasi, ikanuka, jasho la mwaka mzima likamwagwa mgombani. Hakulia. Alichukua shoka, akaangusha mikaratusi kumi na mmoja kabla mgambo hawajamkamata.

Mkutano ukaitishwa. Castory, mtendaji wa kijiji, akapiga meza. "Huyu mama ni mharibifu wa mazingira!"

Mharibifu! Mwanamke aliyeinama pale na ufagio miaka thelathini!

Shangazi akasimama, akafunga kitenge vizuri. "Mheshimiwa, mimi sina maneno mengi. Watoto wenu wanateremka bondeni kuchota maji pamoja na ng'ombe. Nimekata kwa sababu ninyi mmeogopa kukata."

"Kaa chini, mama!" Castory akafoka. Akaamuru apande mikaratusi mingine kumi na mmoja, palepale, ndani ya wiki mbili. Kisha akanigeukia. "Katibu, andika kwenye muhtasari."

Niliandika. Halafu nikasimama bila kuombwa, nikasoma kwa sauti: "Mkutano umeamua kuikausha chemchemi kwa mara ya pili. Mara ya kwanza aliyekosea ni katibu, Winfrida. Mara hii wanaokosea watasaini hapa chini."

Nikampelekea Castory kalamu. Akaitazama, hakuishika. Nikampa Hamdani, mwenyekiti, naye akaanza kupapasa mifuko akitafuta miwani iliyokuwa usoni mwake. Watu wakaangua kicheko, mimi sikucheka. Kalamu ilizunguka meza nzima, ikanirudia, na karatasi haikuwa na jina hata moja.

"Haya," shangazi akasema, "imebaki ishirini na tisa. Na visiki ving'olewe, mti huu ukiukata tu unachipua. Winfrida, wewe ndiye utakayeanza."

Nilianza na ule niliopiga nao picha.