Bima ya Safari ya Beryl Hatchard

Ilikuwa mwaka 2011. Hapana, nisiwadanganye, ilikuwa 2012, maana ndio mwaka wa sherehe za malkia wa Uingereza kutimiza miaka sitini kwenye kiti cha enzi, na bendera za karatasi mtaani kwetu Weston zililowa mvua mpaka rangi nyekundu ikachuruzika kwenye kuta za watu. Beryl Hatchard alikuwa na miaka sitini na tisa, na mwezi huo wa sita ndipo alipotakiwa kupanda meli.

Sisi wa Southampton wengi wetu hatujapanda meli zile. Tunaziona. Jumamosi alasiri zinapita mbele ya ufuo wetu, zimejaa watu wamesimama na glasi mkononi, zinapiga honi, tunawapungia, tunarudi nyumbani kunywa chai. Beryl yeye alizijua kwa mashuka yake. Tangu alipomaliza shule mpaka alipostaafu alifanya kazi kwenye kiwanda kikubwa cha dobi karibu na bandari, akipiga pasi mashuka na foronya za meli. Ikipita meli anakwambia waliomo wana tabia gani. "Hiyo wanakula kitandani," atasema. "Makombo ya biskuti, na mvinyo mwekundu. Mvinyo mwekundu hautoki." Lakini kulala ndani ya hata moja, hakuwahi.

Hakuolewa. Alikaa na mama yake, Winnie, ambaye alikuwa na miaka tisini na sita na ulimi wa msichana wa sokoni. Nyumba yao na yangu zimeshikana ukuta mmoja. Wakifunga kabati nasikia. Mke wangu alipofariki nikawa mtu wa kutembeatembea, na matembezi yangu mengi yaliishia jikoni kwao. Winnie aliniita kijana. Mimi nilikuwa na sabini na moja.

Basi Beryl alikuwa amejiwekea akiba, akakata tiketi ya wiki moja kwenda Norway, Jumamosi mpaka Jumamosi, kuona ile milima inayosimama ndani ya bahari. Mdogo wake Clive, fundi bomba wa Eastleigh, angekuja kukaa na mama. Sanduku lilinunuliwa. Koti la mvua lilinunuliwa. Likabaki jambo moja, bima. Yule wakala wa tiketi alimwambia bima ni hiari yake, ila asiponunua na likatokea la kutokea, asije kumlilia yeye.

La kutokea lilikuwa linajulikana. Wakati wa Pasaka daktari alikuja kumtazama Winnie, na alipotoka akasimama na Beryl getini akamwambia moyo wa mama umechoka, na yeye hataki kutaja siku. Beryl alituambia mimi na Clive. Mama yake hakumwambia, na mama yake hakuuliza.

Sasa bima yenyewe ilikuwa hivi. Ukiwa na bima, na mzazi wako akafa kabla hujaondoka, unarudishiwa nauli yako yote. Lakini kabla ya kukuuzia wanakuuliza kama una mzazi mgonjwa. Ukisema ni mgonjwa, huyo wanamtoa. Watakulipa ukivunjika mguu, ila yeye akifa hupati kitu. Ukisema mzima, umedanganya. Na usiponunua kabisa, akiba yote ya Beryl ilikuwa inategemea moyo wa bibi kizee aliyekaa chumba cha mbele anakula biskuti.

Beryl akashindwa kukaa. Anaweka birika jikoni, maji hayajachemka ameshakwenda kusikiliza kama mama anapumua, anarudi, hakumbuki kama aliweka majani ya chai, anaweka tena. Majuma yale nilikunywa chai nyeusi kama lami, kwa adabu tu. Anatoka kwenda dukani, anarudi kutoka kona kwa sababu amesahau pochi, anatoka tena, anarudi tena kuhakikisha amefunga jiko.

"Beryl," Winnie akamwambia siku moja, "unanichungulia kama keki iliyo kwenye oveni. Bado sijaiva."

"Nimekuja kufungua dirisha, Mama."

"Ulilifungua sasa hivi. Umekuja kulifunga." Akanigeukia. "Eti Len, hii bima wanayoizungumza. Nikifa Ijumaa, wanamrudishia zote?"

"Mama, basi," Beryl akasema.

"Nauliza tu. Na nikifa Jumapili, yeye yuko majini?"

"Wanamlipia nauli ya kurudi," nikasema, kwa sababu aliuliza.

"Jumapili hasara, basi. Nikumbushe, kijana. Nisije nikakosea siku nikamponza mtoto."

Beryl akachukua kitambaa akaenda kufuta kioo kilichokuwa safi.

Clive alipokuja na familia yake kula nyama ya kuokwa ya Jumapili, walibaki jikoni yeye na dada yake wanaosha vyombo, mimi nakausha.

"Bima ni wizi uliovaa tai," Clive akasema. "Lakini kama unataka, nunua. Wakikuuliza, mama mzima. Nani atakuja kumpima?"

"Daktari anajua."

"Daktari alimwita Minnie, dada. Mara mbili."

"Mimi siwezi kumdanganya mtu kwenye simu."

"Basi usinunue."

"Na akifa?"

"Basi nunua."

"Wewe unanisaidia sana, Clive. Lete hiyo sufuria."

Mwishowe aliamua kusema kweli. Alichukua siku nyingi kuamua, na aliamua huku anamenya viazi, nami nilikuwepo. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtoto anayejifunza maneno ya maigizo ya Krismasi: "Mama yangu ana ugonjwa wa moyo, na daktari amesema hatakaa sana." Akasema tena. Mara ya tatu hakufika mwisho. Nikamwambia aje apige simu kwangu, ili mama asisikie. Akasema, "Nikienda kwako kupiga simu atajua namsema yeye." Na ilikuwa kweli, angejua.

Simu yao ilikuwa kwenye ukumbi wa kuingilia, pembeni ya mlango wa chumba cha Winnie. Mashine za dobi zilikuwa zimemharibu Beryl masikio, kwa hiyo alizoea kuiweka simu sauti ya nje. Asubuhi hiyo mimi nilikuwa pale nakaza kulabu ya kutundikia makoti. Akapiga. Ukapigwa muziki mrefu. Halafu akaja kijana, sauti ya watu wa Wales, ya kupendeza, akasema anaitwa Gareth.

Gareth akamuuliza presha. Beryl akajibu. Akamuuliza goti. Akajibu, na jina la kidonge akalitaja herufi kwa herufi. Alikuwa anajibu vizuri kama mtu aliye mbele ya mwalimu. Niliona mkono wake mmoja unakunja na kukunjua ncha ya aproni.

"Na wazazi, Bi Hatchard, yupo aliye hai?"

"Yupo mama."

"Ah, vizuri. Mama anaendeleaje?"

Sasa swali hilo kwetu lina jibu moja. Akuulize dereva wa basi, akuulize kasisi, akuulize mtu aliyekukuta umelazwa hospitali na mguu umetundikwa juu, jibu ni lile lile. Ukijibu vingine, watu huanza kutazama viatu vyao. Beryl akavuta pumzi aseme yale ya viazi, na mdomo ukajibu wenyewe.

"Hajambo, asante. Hatulalamiki."

"Safi kabisa," Gareth akasema, na tukasikia vidole vyake vinagonga kompyuta.

"Asante kwa kuuliza, kijana," Winnie akasema kutoka chumbani, kwa nguvu.

Gareth akacheka. "Huyo anasikika mzima kweli. Haya, tuje kwenye bei."

Beryl akamsomea namba za kadi. Akaaga. Akabaki ameshika mkono wa simu, ule mlio wa kukatika unalia humo ndani.

"Hakuniuliza, Len," akasema taratibu.

"Amekuuliza."

"Alinisalimia. Mimi nikaitikia."

"Basi mpigie tena umwambie."

"Baada ya chakula."

Baada ya chakula akafua mapazia. Siku zilizofuata nilikuwa nasikia ule muziki wa kusubiri kupitia ukutani, unapigwa kidogo, halafu kimya. Kidogo, kimya. Mara moja nilimkuta kasimama nje na kandambili miguuni, mvua inanyesha, nikamuuliza anafanya nini, akasema anaangalia kama mvua imeacha.

Winnie alifariki Jumatatu asubuhi, Jumatatu ya wiki ya safari. Alikuwa kwenye kiti chake. Alikuwa ametoka kulalamika kwamba uji una madonge, na Beryl akaenda jikoni kumtengenezea mwingine, na aliporudi ulikuwa hautakiwi tena. Akaja kugonga kwangu akiwa ameshika bakuli. Nilimpokea lile bakuli kwanza, sijui kwa nini.

Watu wa mazishi wakaja, watu wapole. Kanisa lilikuwa na shughuli na makaburini kulikuwa na foleni, kwa sababu zile siku za mapumziko ya sherehe zilirudisha kila kitu nyuma. Nafasi ya kwanza ilikuwa Alhamisi, si ya wiki hiyo wala iliyofuata, ile ya baada yake. Kwetu hilo si ajabu. Meli ilikuwa inaondoka Jumamosi, irudi Jumamosi inayofuata. Yaani safari yote ilikuwa inaingia katikati, mama amekufa na hajazikwa.

Jumanne Clive akasema, "Pigia watu wa bima. Ndiyo kazi yao."

Beryl akapiga. Mara hii alikuwa mwanamke, akampa pole, na ilikuwa pole ya kweli nadhani. Akasema watahitaji cheti cha kifo, na maelezo ya daktari, na watasikiliza tena mazungumzo ya siku ile aliponunua.

"Mazungumzo gani?"

"Tunarekodi yote, mpenzi. Ni kawaida tu."

"Na yangu yapo?"

"Yapo yote, tangu mwanzo mpaka mwisho."

Beryl akamshukuru, akamtakia siku njema, akakata.

"Wamesemaje?" Clive akauliza.

"Nakwenda."

"Unakwenda wapi?"

"Norway."

Clive akavuta kiti akakaa. "Mama yuko kwenye jokofu la watu wa mazishi, dada, wewe unakwenda kuangalia milima?"

"Alhamisi ile nitakuwa nimesharudi."

"Watu watasemaje?"

"Watasema. Clive, sikiliza. Wakinilipa, watanilipa kwa sababu nilisema hajambo. Wasiponilipa, ni kwa sababu nilisema hajambo. Watakaa watu wazima wamezunguka meza, wanaipiga ile rekodi, wanaisikiliza, halafu wanairudia. Na yeye yumo mle. Asante kwa kuuliza, kijana. Sitaki wampige mama wamsikilize wamjadili."

"Basi poteza pesa ukae nyumbani kama watu."

"Kukaa ndiyo siwezi," Beryl akasema, na alikuwa amesimama muda wote huo, nami sikumbuki kumwona amekaa tangu Pasaka.

Jumamosi akaenda bandarini kwa teksi. Mimi nikashuka ufuoni. Alikuwa ameniambia atasimama upande wetu, ghorofa ya juu, amevaa koti la bluu. Meli ikapita, kubwa kama mtaa mzima umeondoka, na karibu kila mtu alivaa koti la bluu, kulikuwa na baridi. Nikapunga kwa wote. Mwanamke mmoja jirani yetu, aliyekuja na mbwa wake, akaniuliza kama ni kweli yumo mle. Nikasema yumo. Akasema yeye hamhukumu mtu, na hapo hapo akamhukumu mpaka meli ikapotea.

Aliporudi alinisimulia kidogo kidogo, akitembea jikoni. Mashuka hawapigi pasi sawasawa siku hizi, pembe zimejikunja. Usiku hauingii kule mwezi wa sita, kwa hiyo hakujua saa za kulala, akawa anazunguka meli, mbele mpaka nyuma, nyuma mpaka mbele, mpaka mabaharia wakawa wanamwamkia kwa jina. Milima ni mirefu. Mezani walimkalisha na mtu na mkewe kutoka Leicester, watu wazuri. Siku ya kwanza walimuuliza ana familia. Akasema ana mama Southampton.

"Wakauliza anaendeleaje," Beryl akasema.

"Ukasemaje?"

"Nikasema amefariki Jumatatu."

"Wao?"

"Wakaomba chumvi. Kesho yake wakahamia meza nyingine."

Akafungua friji, akaifunga.

Alhamisi tukamzika Winnie, na mvua haikunyesha. Baadaye ikawa chai kwenye ukumbi wa kanisa, sandwichi za yai na zile za tango, na watu walimzunguka Beryl kwa mbali kidogo. Pesa za bima hakudai, wala simu hakupiga tena. Lakini hakutulia. Hata sasa, amepita themanini, ukimtembelea utakunywa chai peke yako huku yeye anapanga makabati.

Mimi ndiye niliyebaki na swali. Siku ile ya chai nilimuuliza Clive, akasema nile sandwichi. Nikamuuliza kasisi, akasema ni swali zuri sana, Len, na wewe mwenyewe unaendeleaje, nami nikamwambia sijambo, na akaenda. Beryl nilimuuliza mara moja tu, ufuoni, tena baada ya miaka, meli inapita. Aliendelea kutembea kama hakusikia, na labda hakusikia, kwa masikio yale. Nilitaka kujua hilo tu. Yule kijana Gareth, alikuwa anamsalimia, au alikuwa anamuuliza?