Nilivyomtengenezea Beka arcade stick kwa pad mbovu ya banda la gemu, Kariakoo

Wakuu, salaam kwenu nyote, na mliokwama kwenye foleni ya Msimbazi muda huu poleni.

Hiki ninachoandika kimetokea kweli. Wahusika wawili wana akaunti humu, kwa hiyo nikiongeza chumvi nitaumbuliwa kabla uzi haujafika ukurasa wa pili.

Kwanza kwa wasiojua arcade stick ni nini. Ni boksi unaloweka mapajani. Kushoto lina joystick, kijiti cha kuongozea unachokishika kwa kiganja, kulia lina batani kubwa za duara. Wahenga mnakumbuka zile mashine za gemu za kutumbukiza sarafu. Ndiyo hiyo hiyo, ila unaichomeka kwenye PlayStation badala ya pad, kile kidude cha kushika kwa mikono miwili.

Sasa twende.

Kuna banda la gemu uchochoroni, nyuma ya Mtaa wa Mchikichi. La Mama Zai. Pale linachezwa gemu la ngumi tu. La mpira Mama Zai alilifuta, maana wanaume wazima walikuwa wanagombana mpaka majirani wanakuja kuamua.

Sheria ni moja. Ukifungwa unaachia pad, anakuja aliye kwenye benchi. Na huondoki kwa amani, benchi zima linakupigia kelele "achia pad! achia pad!" mpaka unyanyuke. Nimewahi kuona mtu na suti yake anafukuzwa hivyo, akaenda kukaa mwisho wa benchi na mkoba wake.

Jamaa yangu Beka alikuwa hafukuziki kirahisi. Kwao Masasi ila amekulia hapa hapa. Alikuwa utingo wa lori, wanapakia mizigo bandarini. Siku moja mlango wa kontena ukambana kidole gumba cha mkono wa kushoto. Hospitali wakakikata.

Wanaocheza wanaelewa maana yake. Gumba la kushoto ndilo linalobonyeza mishale, na mishale ndiyo inayomtembeza mtu wako.

Alipopona akarudi banda. Anaweka pad mapajani, anabonyeza mishale kwa kidole cha shahada kutokea juu. Mtu wake anatembea kama kalewa.

Lakini akawa anashinda.

Anashinda kwa sababu sote tulimwonea huruma. Unasimama tu unapigwa. Na ikitokea amefungwa kwa bahati mbaya, benchi linanyamaza, Mama Zai anasema "endelea tu mwanangu", anayefuata anajifanya anaongea na simu.

Bingwa wa pale ni Hitesh. Kwao Kisutu, baba yake ana duka la mabomba na koki Kariakoo. Hitesh ana tabia moja. Akitaka kucheza kwa dhati anavua saa, anaitia mfuko wa shati. Asipoivua ujue hajakuhesabu. Kwa Beka alikuwa haivui tena.

Beka akaacha kuja.

Nikamfuata kwenye meza yake, siku hizi anauza chaji na earphone Mtaa wa Congo. Nikamuuliza mbona kimya.

"Nimechoka kushinda bure, Mudi," akaniambia. "Nikifungwa hakuna hata anayenizomea. Kwani mimi maiti?"

Akaja mteja anataka chaji ya type C, maongezi yakaishia hapo. Iliniuma, sifichi.

Mimi kazi yangu ni kuchapa na kutoa kopi kwenye stationery. Mambo ya waya nilijifunza kwa kuharibu redio za nyumbani, na mama yangu hajasahau. Ila nilikuwa nimeona video za watu wanatengeneza hizi stick, na nikawaza kitu kimoja tu: joystick haihitaji gumba. Unaikumbatia kwa kiganja na vidole vilivyobaki, basi.

Joystick na batani nilizipata Gerezani, kwa fundi aliyekuwa anachambua mashine mbovu ya gemu ya zamani. Zilikuwa na uchafu wa miaka, ila zinabofya vizuri.

Boksi nikaomba kwa baba yake Hitesh. Nilikuwa nimeona droo ya mbao imetupwa nyuma ya duka lake.

"Shikamoo mzee. Naomba ile droo."

"Marahaba. Ya nini?"

Nikamweleza. Akaiangalia ile droo muda mrefu kana kwamba naomba shamba.

"Chukua," akasema. "Lakini Hitesh akifungwa kwa droo yangu, nyumbani hatalala."

Ikabaki pad ya kuchinja, maana stick inahitaji bodi ya pad ndani yake ili PS iielewe. Hapa ndipo nilipoingia mkenge, na nyie wa DIY, mnaojitengenezea vitu wenyewe, msikilize vizuri.

Ndani ya pad kuna bodi, kile kibao cha saketi. Kila batani ina pande mbili, na kwenye bodi nzuri upande mmoja wa batani zote umeungana. Maana yake unavuta waya mmoja wa pamoja unaozunguka batani zote, halafu kila batani inapata waya wake mwingine. Kazi safi.

Mama Zai alikuwa na pad moja ya copy, yaani feki, iliyofunguka, nikaichungulia, nikaona bodi ni ya aina hiyo. Nikaenda Mtaa wa Aggrey nikanunua mpya inayofanana nayo kila kitu, rangi, maandishi, hadi boksi. Muuzaji akaniapia kuwa ni original. Kariakoo kila kitu ni original mpaka ufike nacho nyumbani.

Sikuifungua kuikagua. Nikachoma waya zote kwa lehemu, nikafunga droo kwa skrubu, nikachomeka.

Nikibonyeza ngumi, mtu anapiga ngumi na kuruka. Nikibonyeza teke, anakaa chini. Nikisukuma joystick mbele, gemu linajisitisha.

Nikafungua. Sura ileile, tumbo jingine kabisa. Batani hazikuungana kama nilivyodhani, kwa hiyo waya wangu wa pamoja ulikuwa unachanganya kila kitu. Kwa hasira nikang'oa waya zote.

Nikarudi kwa Mama Zai kumuomba pad mbovu. Ana mfuko wa salfeti umejaa. Pad za banda hufa mishale na vijiti, bodi inabaki nzima, na mimi nilitaka bodi tu. Safari hii nilizifungua palepale moja moja mpaka nikapata inayofaa.

Mama Zai akaishika, akapitisha kidole kwenye mishale. Ilikuwa imelika mpaka alama hazionekani.

"Hii aliimaliza Beka," akasema. "Kabla ya ajali."

Nikaitia kwenye mkoba.

Ushauri mwingine wa bure. Msitoboe mbao kabla ya kupima kwa mkono wa mchezaji. Nilitoboa kwanza kwenye katoni, nikampelekea Beka pale mezani kwake. Nilikuwa nimeiweka joystick kwa kipimo cha mkono wangu, yeye akataka isogee kushoto na chini ili kifundo cha mkono kilale kwenye mbao. Alikuwa anatoa amri kama mhandisi. Muda mrefu sikuwa nimemsikia akigombeza mtu.

Nikachoma upya. Ikafanya kazi. Beka akakaa nayo kwake akijifunza, nami sikumwuliza anaendeleaje.

Jumapili moja mchana akaingia nayo banda, droo kwapani.

Benchi likaiona, likalipuka. "Cheating hiyo!" Hitesh ndiye aliyepaza sauti zaidi.

"Iko wapi cheating?" Mama Zai akauliza. "Haya, jaribuni wote. Atakayeona rahisi aniambie."

Wakajaribu mmoja mmoja. Hitesh mtu wake alikuwa anarukaruka kama kuku kakanyaga moto. Alipomrudishia Beka ile droo alikuwa anacheka mwenyewe.

"Chezea hiyo hiyo tu," akasema. "Utajuta."

Wakaketi. Yeye na pad, Beka na stick, mchezo wa raundi tatu.

Raundi ya kwanza Beka akamkamata kona ya skrini, hakumpa hewa. Hitesh alikuwa amekaa kwa kuegemea ukuta, ule mkao wake wa kumhurumia Beka. Akafungwa, na safari hii hakuwa amejiachia.

Akaangalia skrini. Akamwangalia Beka.

Halafu akavua saa.

Wakuu, mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikaona Beka ameiona ile saa ikiingia mfukoni. Akajiweka sawa kwenye kiti na kuvuta droo karibu na tumbo.

Raundi ya pili akashinda Hitesh. Ya tatu ilifika mahali kila mmoja amebakiza damu ya pigo moja. Beka akaruka, Hitesh akamdaka hewani.

Lile benchi likaanza kunyamaza kama lilivyozoea. Mama Zai akafungua mdomo, nadhani aseme yale maneno yake ya endelea tu mwanangu.

Hitesh akamuwahi.

"Beka, achia pad."

"Umebahatisha," Beka akasema.

"Achia pad, watu wanasubiri!"

Ndipo benchi likafufuka. Achia pad! Achia pad! Mpaka wapita njia uchochoroni wakachungulia. Beka akachomoa waya, akainuka anatukana, eti TV inachelewa, eti Hitesh ana mbinu moja tu tangu azaliwe. Amenuna kabisa. Akapita mbele yetu na droo yake kwapani hadi kule mwisho wa benchi.

"Nani wa mwisho hapa?" akauliza.

Akaonyeshwa. Akakaa nyuma yake.

Nilichojifunza kuhusu pad: fungua kwanza, kagua, ndiyo uchome. Nilichojifunza kuhusu watu: ukimwonea mwenzako huruma kupita kiasi, unamtoa kwenye foleni bila kujua, na mwenyewe anaona.

Wenye maswali ya waya yatupieni hapo chini, nitajibu nikiwa sina wateja. Waliowahi kutengenezea mtu kitu cha namna hii nao waeleze, nataka kusikia.

Na Hitesh najua atakuja kukomenti kwamba alishinda kihalali. Msimbishie. Alishinda kihalali.