Kinyonga wa Paskalina

Mimi nafahamika kwa uongo wangu. Niliwahi kusimulia kwamba chui aliniomba chumvi njia ya Mtae, na watu wazima wakaacha ugali upoe. Lakini hii ya Paskalina siongezi hata punje. Uongo uliomo niliutia wakati ule ule.

Paskalina alikuwa mjane asiye na mtoto. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa Mgwashi, ukingoni mwa msitu, na jirani yake wa karibu alikuwa mbega. Mwaka wa sabini na nne tulipoamriwa kuhamia kijiji cha ujamaa, sisi wengine tuliililia migomba yetu. Yeye alishuka anacheka.

"Dada, sasa nitasikia watu wakikohoa!"

Alipewa nyumba mstarini, njia ya kisimani ikipita mbele ya mlango. Akakandika ukuta, kisha akaanza kuuchora. Udongo mweupe na masizi ya chungu vikamtoa mbega, yule aliyekaa mtini siku mumewe anazikwa, asiruke mpaka watu walipotawanyika. Wa mwisho alikuwa kinyonga mwenye pembe puani. Paskalina alikutana naye siku ya kuhama. Kinyonga anavuka njia, na mwendo wake mnaujua. Paskalina akasimama na mzigo kichwani akimngoja, mpaka balozi wetu wa nyumba kumi, Bakari, akarudi kumtafuta. Kinyonga huyo Paskalina alimpaka maji ya majani ya maharage yaliyotwangwa, akawa kijani kibichi.

Watu wakajaa kutazama. Paskalina akapika chai ya mchaichai, akasahau hata kula kwa kuhangaika kuwatafutia pa kukaa.

Siku ya nne yale majani yakakauka ukutani. Kinyonga akageuka manjano, halafu kahawia.

"Mama Sefania," Marta akaniuliza kisimani, "umemwona? Amebadilika rangi!"

"Rangi tu? Mimi leo nimemkuta ameshuka shubiri nzima. Anaelekea mlangoni. Siku akifika kizingitini, chagueni nani azikwe."

Wakacheka. Nikajitwika debe langu, nami nacheka.

Juma lile lile mama yake Bakari akafariki. Alikuwa kikongwe, hana jino tangu enzi za Mjerumani. Lakini nani alikumbuka uzee? Kwa Paskalina pakawa peupe. Wanawake wakaanza kwenda kisimani kwa kuzunguka shambani. Yeye akaendelea kupika chai, na jioni akaimwaga migombani.

Nikaona haya. Nikaenda kwa Bakari.

"Shikamoo balozi. Yule kinyonga hatembei. Nilidanganya."

"Marahaba. Mama Sefania, unapodanganya tunajua. Ni kama hivi sasa."

Jamani! Mara moja tu maishani nasema kweli.

Paskalina akakanda udongo, akamfunika kinyonga pasionekane hata mkia. Akafagia uwanja, akakaa mlangoni. Marta akasimama mbali na debe lake.

"Afadhali zamani tulimwona alipo," akasema. "Sasa tutajuaje yuko wapi?"

Akapita shambani.

Kesho yake nilimkuta Paskalina akikwangua ule udongo kwa kigae, taratibu, asimwumize aliye chini yake. Jicho moja lilikuwa limeshatokeza.

"Ni mimi niliyesema anatembea," nikamwambia.

"Najua. Nani mwingine angepima kwa shubiri?"

"Mbona hukunifukuza?"

Hakuacha kukwangua.

"Nikufukuze, nibaki na nani?"

Akanisogezea kigoda. Chai ilikuwa chungu kizima, ya watu kumi. Tukainywa wawili mpaka jua likaingia nyuma ya mlima, na hatukuifikisha nusu.