Jina Langu Liko Kaburini

Cheka ukitaka, wenzako wameshacheka. Mimi yule mwanamke nilimwona mchana kweupe, nina akili zangu timamu, ndani ya mahakama ya kimataifa kule Arusha.

Chanzo ni baba. Mwaka ule wa mauaji ya Rwanda, maiti zilipotelemka na mto Kagera mpaka ziwani, yeye alikuwa anavua visiwani. Akaopoa mwili wa mwanamke, akaufunika kwa shuka lake la mistari. Wenzake wakachimba kaburi, mmoja akaongoza sala, akauliza, "Tumtaje nani?" Baba aliona vibaya mtu azikwe bila jina, kama mbwa. Akataja jina langu, mimi mwanawe niliyekuwa nyumbani Kamanga nacheza mchangani! Aliporudi kusimulia, shangazi alipiga yowe: "Kaka, umemzika mtoto akiwa hai!"

Basi nimekua, nimeolewa, mimba hazikai. Hospitali wanasema sina tatizo. Mume akaanza kulala kwa ndugu zake. Shangazi akasema dawa ni moja: litafutwe jina la marehemu, likatajwe kaburini, langu lirudi. Sasa niambie, ningelitafuta wapi? Nikasikia Arusha kesi za mauaji yale bado zinasikilizwa, na raia yeyote anaingia. Nikapanda basi stendi ya Buhongwa.

Getini niliacha simu, nikapelekwa chumba cha watazamaji. Kioo kinatutenga na majaji. Wakanipa spika za masikioni: Kiingereza, Kifaransa, Kinyarwanda. Kiswahili hakuna! Jamani, nililia palepale kitini.

Mwanamke wa kiti cha pili akaniinamia. "Usilie, mdogo wangu. Nitakutafsiria."

Akanitafsiria taratibu: shahidi anasema walijificha kanisani, wakatolewa, wakapelekwa mtoni. Mara pazia likashushwa, sauti ikakatwa, ili shahidi asitambulike. Yule mwanamke akaendelea tu. "Maji yalikuwa baridi. Wanangu walinitangulia." Ndipo nikamtazama vizuri. Masikioni hana kitu. Begani amejitanda shuka la mistari, linachuruzika maji.

Haki ya Mungu, nilitaka kukimbia. Lakini mficha uchi hazai. "Dada, nakuomba, unaitwa nani?"

Akataja jina langu.

"Hilo ni langu! Lako la kwanza je?"

"Walioniita hilo wote walikwenda na maji, na mimi nimelisahau. Hili alinipa baba yako. Unaninyang'anya na hili?"

Pazia likapandishwa, na kiti kilikuwa kitupu. Mlinzi akanigombeza, eti nani kaingia na maji.

Mume ameshaondoka moja kwa moja. Shangazi anataka twende kwa mganga jina lirudishwe kwa nguvu, nami nimekataa, ananiona mjinga. Nikimpokonya, yeye atabaki na nini? Nikimwachia, mimi nina nini? Nalia usiku.

Kwa hiyo wewe ukiopoa maiti ya mgeni, mfunike, mzike, mlilie. Jina la mwanao usilitaje. Na usiniulize naitwa nani. Wenzangu mtaani wanaitwa kwa watoto wao, mama fulani, mama fulani. Mimi niite jirani.