Siku Mama Nduku Alipotaja Makindu Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Kitui, Mkuu wa Mitambo hakunionyesha hata kiti. Alinionyesha skrini nyeusi. Shirika letu liligawa mbegu Kitui na Makueni, na wakulima walijulishwa kwa simu siku na kituo cha kuzichukua. Programu iliyotunza majina yao haikuwa na vitufe vya kubofya. Uliiandikia amri kwa mstari mmoja.

Kazi yangu ilikuwa kuifundisha kuusoma mstari huo. Nyinyi vijana siku hizi mnafanyiwa kila kitu, hata hamjui mnabebwa. Neno lililoanza na vistari viwili tuliliita chaguo, nalo lilieleza namna ya kufanya kazi. Ukiandika --jaribu, programu ilikuonyesha tu itakachofanya, bila kugusa kitu. Ila ilikuwa na tabia yake: baada ya amri yenyewe, ikikutana na neno lisilo na vistari, iliacha kutafuta machaguo. Yaliyobaki yote iliyachukua kuwa majina ya vituo.

"Usikisie neno hata moja," Mkuu aliniambia. "Soma mstari wote, hakikisha kila kituo kipo, ndio uguse majina ya watu."

Niliona ananichosha bure. Nilitii, nikaifundisha programu hivyo, maana mkubwa ni mkubwa.

Baadaye nilihamishiwa mji wa Salama, chini ya Meneja wa Ghala, Mama Nduku. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na wakulima wa kituo cha Makindu walingoja ujumbe wa mbegu za ndengu. Mama Nduku alitaka kuona tu majina ambayo yangeondoka akisafisha orodha ya kituo hicho ili kuiandika upya. Akaandika: ondoa Makindu --jaribu. Akabonyeza kabla sijafungua mdomo.

Niliruka kutoka kitini. Chaguo lilikuwa limekuja nyuma ya kituo, kwa hiyo halingesomwa kama chaguo. Majina yote ya Makindu yangefutwa, ujumbe usimfikie mkulima yeyote, na mvua haimngoji mtu.

Skrini ikajibu: Hakuna kituo kiitwacho --jaribu. Hakuna kilichoondolewa.

Nilikaa chini nikacheka hadi machozi, nikamweleza kwamba chaguo hutangulia kituo.

"Sasa unacheka nini, Musyoka?" akauliza Mama Nduku. "Si mtu akikuja hapa anasema kwanza ametoka wapi, halafu ndio anasema shida yake?"

Alisema kweli. Ukambani hakuna anayeanza na shida. Nilibadilisha programu ipokee chaguo popote kwenye mstari, kisha nikampigia Mkuu simu kumshukuru kwa kunilazimisha kuhakikisha kila kituo kwanza. Aliguna tu, akaniuliza kama mvua imefika.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza ni kazi gani ninayojivunia. Huwaambia ni asubuhi ile ambayo hakuna kilichotokea. Ndengu zilipandwa kwa wakati, na hakuna mkulima wa Makindu aliyewahi kujua kulikuwa na la kuogopa.