Leteni Ikiwa Chafu, Anaomba Kostansia

Saa nne asubuhi, duka la sarafu la Clintonville, Columbus, ndiyo kwanza limefunguliwa, na Kostansia tayari ameshika kichwa. Mbele yake, juu ya kitambaa cheusi, kuna dola ya zamani ya Kichina, sarafu ya madini ya fedha. Inang'aa kama sufuria ya harusi.

"Mama Agata," anasema taratibu, "uliisugua?"

"Sana," anajibu mama huyo wa Kikongo mwenye miaka sabini, kwa fahari. "Na majivu, na ile waya ya masufuria. Siwezi leta kitu ya marehemu kwa watu ikiwa chafu."

Basi, siku imeshaharibika.

Kostansia, Mrundi aliyekulia kambi ya Mtabila mkoani Kigoma, alifika Ohio mwaka 2008. Alibeba maboksi ghalani miaka minne, mgongo ukagoma. Mwenye duka hili alimwajiri afanye usafi, kisha akamfundisha kupima sarafu. Habari zikaenea makanisani, na sasa watu humjia hata kutoka miji ya mbali. Karibu wote husugua kwanza.

"Nilimwomba mchungaji atangaze wasisugue. Akatangaza vizuri tu. Watu wakarudi nyumbani, wakasugua," anasema. "Kwetu kitu cha heshima hakipelekwi kwa watu na uchafu wake, najua. Hata mama yangu angesugua. Lakini jamani, wananimaliza."

Uchafu huo ndio shahidi wake. Mizani na sumaku husema mengi, ila waghushi wa siku hizi huiga hata uzito. Weusi wa miaka mingi uliojificha kwenye maandishi ni kazi kubwa kuuiga.

Na Mama Agata hakuja kuuza. Amesafiri zaidi ya saa tatu kutoka Louisville kwa sababu ya binti yake, Séphora, anayeishi Buffalo. Marehemu mume wa Mama Agata, Marcellin, seremala wa Uvira, hakuwa na pete siku ya ndoa. Alimpa sarafu hii, aliyolipwa na mfanyabiashara mmoja, akaapa kwamba ni fedha ya kweli. Séphora aliona za bandia mtandaoni zinazofanana nayo, akamwambia mama yake: baba alikudanganya. Marcellin alipozikwa mwaka jana, 2014, mama na binti hawakukaa benchi moja.

"Miaka yote nilimuamini," anasema Mama Agata. "Donc, niambie tu. Hata kama ni mbaya."

Kostansia anaiweka kwenye mizani: gramu ishirini na sita na ushee. Sumaku haishiki. Akiigonga, inalia sauti nyembamba na ndefu.

"Vyote vizuri, na bado siwezi kuapa," ananung'unika. "Uso wake wote umeumaliza, mama."

Kisha anaigeuza. Ukingoni kuna mkato mdogo ambao waya haukuweza kuingia.

"Na huu?"

"Bon, huyo ni Marcellin. Alikata na patasi siku ile walimulipa. Aliogopa ndani iko shaba."

Kostansia anainamia kioo cha kukuzia. Ndani ya mkato, weusi wa zamani bado upo, na panapometa ni weupe wa fedha, si wekundu wa shaba. Mistari ya ukingoni iko sawasawa, bila dalili ya vipande viwili kuunganishwa kama kwenye za bandia.

"Ni ya kweli, mama. Na alihakikisha kwanza, ndipo akakupa."

Mama Agata anampigia Séphora, anaweka simu mezani.

"Ni ya kweli," anasema. "Omba baba yako musamaha."

Kwa kawaida Séphora humjibu mama yake kwa Kiingereza. Leo anasema kwa Kiswahili: "Nakuja Jumapili, mama."

Kostansia anasema tumaini lake ni dogo tu: siku moja, kabla hajastaafu, mtu amletee sarafu chafu. Anamsihi Mama Agata aiache hivyo ilivyo, asiiguse tena. Mama anaitikia kwa kichwa, na chozi lake linaangukia sarafu.

Anashika ncha ya kitenge, anaisugua mpaka ing'ae. Kostansia anafumba macho.